Dishi la sentimita 90, QO-100 na jua: shajara ya mradi, Tanga

Januari 2025

Lengo nimeliandika ukurasa wa kwanza wa daftari: dishi la sentimita 90 linaloniletea sauti za QO-100 kila jioni litumike kupima jua, bila kusogezwa hata kidogo. Jambo hilo linawezekana siku chache za Machi na siku chache za Septemba, jua linapopita nyuma ya setelaiti kwa jinsi tunavyoiona kutoka hapa. Mafundi dishi wa mjini wanazijua siku hizo kwa simu za wateja. Picha inaganda mchana kweupe, wingu hakuna, na baada ya dakika chache inarudi yenyewe. Hakuna kilichoharibika. Jua limeingia kwenye dishi.

Kwa asiyeijua QO-100: ni mitambo ya redio za ridhaa, yaani za watu wanaowasiliana kwa mapenzi yao na si kwa biashara, iliyopachikwa ndani ya Es'hail-2, setelaiti ya mawasiliano ya Qatar iliyorushwa Novemba 2018. Imekaa juu ya ikweta kwenye longitudo 25.9 mashariki, kilomita karibu 36,000 kutoka kwetu. Setelaiti za ridhaa zilizotangulia, tangu OSCAR 1 ya Desemba 1961, zilikuwa zinachomoza, zinapita, zinazama. Hii ndiyo ya kwanza kukaa mahali pamoja. Inafunika kuanzia Brazili mpaka Thailand, Afrika yote ikiwemo. Unapandisha sauti kwa MHz 2,400, inashuka kwa MHz 10,489, na unajisikia mwenyewe robo sekunde baada ya kusema.

Mwenzangu kwenye kazi hii ni mpwa wangu anayesoma elektroniki VETA. Siku ya kwanza alipovaa hedifoni alisikiliza mazungumzo kwa muda mrefu bila kusema kitu. Bwana mmoja wa Afrika Kusini alikuwa anaeleza jinsi anavyosaga kioo cha darubini kwa mkono. Mwenzake wa Ujerumani akamjibu kwa habari za kamera ya kupiga picha Zohali. Kijana akavua hedifoni.

"Mjomba, hawa si watu wa redio? Mbona kila mmoja ana darubini nyumbani?"

Nilimwambia jibu lipo, ila tulipate kwa kazi ya mikono. Shajara hii ni ya vipimo, na ni ya swali lake pia.

Februari, wiki ya kwanza: vifaa

Dishi ni la kawaida la televisheni, la ofseti. Kutoka Tanga setelaiti iko nyuzi 73 juu ya upeo wa macho, upande wa magharibi ukielekea kaskazini kidogo. Ukilitazama dishi kwa pembeni utasema linaangalia chini zaidi ya hapo, maana uso wa dishi la ofseti hauelekei mahali mawimbi yanapotoka. Fundi aliyetusaidia kulikaza alielewa mara moja: Azam iko longitudo 7, DStv iko 36, na hii yetu iko katikati.

LNB, kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi na kuyashusha masafa, inaondoa 9,750 kwenye 10,489.75, inabaki MHz 739.75, na hiyo inapokewa na SDR, redio ndogo inayoendeshwa na programu ya kompyuta, ya kuchomeka kwenye USB. LNB ikipewa volti 13 inachukua mawimbi ya wima, ikipewa 18 inachukua ya mlalo. Sauti za QO-100 ziko wima, kwa hiyo betri ya bodaboda ya volti 12 inatosha kuiwasha, nasi hatutegemei umeme wa gridi ambao huja na kelele zake.

Jua la saa sita likiipiga LNB, kioo cha osileta, kinachoshikilia masafa yake, kinapata joto na masafa yanahama. Sehemu moja kwa milioni ya MHz 9,750 ni karibu kHz 10, na sauti ya mtu mmoja inachukua chini ya kHz 3. Mzungumzaji anakuponyoka kabla hajamaliza kutaja alama zake za wito, utambulisho wake wa hewani. Programu inarekebisha kwa kushika bikoni ya setelaiti, ishara yake isiyokatika, na kuifuata inakokwenda. Kwa upande wa jua hili halitusumbui hata kidogo, kwa sababu jua halina masafa ya kwake: linavuma kwenye mkanda wote kwa pamoja.

Jambo la lazima ni kuzima ukuzaji unaojirekebisha wenyewe. Kipokezi cha redio kimetengenezwa kimfichie msikilizaji mabadiliko ya nguvu, ili sauti ya jirani na sauti ya mtu wa mbali zisikike sawasawa. Sisi tunayataka mabadiliko hayohayo. Ukuzaji umewekwa mahali pamoja na hauguswi na mtu. Programu ya rtl_power inaandika nguvu ya kelele kwenye faili kila baada ya sekunde chache, sehemu ya mkanda isiyo na kituo chochote, chini kidogo ya mkanda wa ridhaa.

Februari, wiki ya tatu: kelele

Faili la kwanza limejaa. Ukiligeuza kuwa sauti unasikia mvumo ule ambao kila mwanaredio anaujua, kama mvua ya mbali kwenye bati. Kijana alitaka kujua unatoka wapi, nami nikamwonyesha kwa vitendo. Tulichukua dishi la pili, dogo, lililo uwanjani kwenye kigoda cha chuma. Likielekezwa kwenye anga tupu, kelele iko chini. Likielekezwa kwenye ukuta wa nyumba, kelele inapanda kwa desibeli (kipimo cha nguvu) kadhaa. Ukuta hauna umeme wala antena. Una joto tu, na kila chenye joto kinavuma. Anga karibu na utosi ni baridi mno kwa masafa haya, ndiyo maana linanyamaza.

Alikaa akilielekeza dishi huku na huku: mwembe, bati, anga, mimi mwenyewe. Niliiona sura yake, nikajua nusu ya jibu la swali lake ameshalishika.

Maana hapa ndipo mambo haya mawili yanapokutana. Mwanaredio anaishi maisha yake yote akipigana na kelele. Anabadilisha waya, anahamisha antena, anazima taa za LED za jirani kwa kumbembeleza. Akishaondoa kila kelele ya mjini na kila kelele ya kipokezi chake, inabaki kelele moja isiyoondoka. Anayeitwa na udadisi atauliza: hii iliyobaki ni ya nani? Akiuliza hivyo ameshaingia kwenye elimu ya anga, hata kama hajawahi kuinua darubini.

Karl Jansky aliingia kwa mlango huo. Alikuwa mhandisi wa Bell Labs huko Holmdel, New Jersey, akapewa kazi ya kutafuta vyanzo vya kelele zinazosumbua simu za redio za kuvuka Atlantiki. Alijenga antena inayozunguka juu ya magurudumu, akasikiliza kwenye MHz 20.5. Radi za karibu alizitambua, radi za mbali akazitambua, ikabaki ya tatu, mvumo hafifu uliokuwa unarudi kila baada ya saa 23 na dakika 56. Jua linarudi kwa saa 24. Nyota ndizo zinazorudi kwa 23 na dakika 56. Mwaka 1933 alitangaza kwamba chanzo kiko kwenye Njia Nyeupe, galaksi yetu, upande wa kundinyota la Mshale.

Wanaastronomia wengi wa wakati ule hawakulifuatilia, kwa sababu halikuwa na picha ya kutazamwa kwa lenzi. Aliyelifuatilia ni mwanaredio wa ridhaa, Grote Reber, alama zake za wito W9GFZ. Alikuwa ameshazungumza na nchi nyingi kiasi kwamba redio ya kawaida haikuwa na mtihani mpya wa kumpa. Mwaka 1937, kwa fedha zake na mikono yake, alijenga dishi la kipenyo cha mita 9 na ushei kwenye uwanja wa nyumbani kwao Wheaton, Illinois. Mchana alifanya kazi Chicago, usiku alipima, kwa sababu mchana kelele za magari zilimzidi. Alianza na MHz 3,300, kimya. Akashuka hadi karibu 900, kimya. Kwenye 160 akaisikia Njia Nyeupe. Ramani yake ya anga ya redio ilichapishwa 1944, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na mwingine duniani anayeifanya kazi hiyo.

Nakaa sana kwenye habari ya Reber kwa sababu inaniondolea wazo kwamba mwanaredio anayetazama nyota ana mapenzi mawili tofauti. Ana moja. Vifaa ni vilevile, ujuzi ni uleule, hata usiku ni uleule.

Mwisho wa Februari: kwa mzee wa redio ya meli

Jirani wa mtaa wa pili ni mzee aliyefanya kazi ya redio kwenye meli za mizigo mpaka alipostaafu. Tulimpelekea daftari letu alikague.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja na kelele zenu?"

Alivaa miwani, akapitia kurasa kimya. Akaingia ndani akatoka na daftari lake la zamani, karatasi zimekuwa rangi ya chai. Safu za kwanza ni saa kwa UTC (saa ya pamoja ya dunia nzima), masafa, kituo, nguvu ya mawimbi. Upande wa pili wa ukurasa, kwa mwandiko uleule: saa kwa UTC, jina la nyota, urefu wake juu ya upeo kwa nyuzi na dakika. Hakuwa nahodha. Kupima nyota kwa sekstanti haikuwa kazi yake. Alituambia ofisa wa zamu alimfundisha, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anapokea ishara za saa kwa redio, na bila saa kamili nyota hazikuambii uko wapi baharini. Sekunde nne za saa ni dakika moja ya longitudo; kwenye ikweta hiyo ni maili moja ya bahari.

Kwa hiyo kibanda cha redio ndicho kilichokuwa kinaitunza saa, na mwenye saa akakaribishwa kwenye nyota. Hili sikuwa nimeliwaza kabla ya siku hiyo, na nimelipigia mstari. Saa ndiyo kiungo kingine. Hadi leo wanaredio na watazama nyota ni kati ya watu wachache mtaani wanaoandika UTC bila kufikiri, na ni kati ya wachache wanaojali kama saa ya ukutani imechelewa sekunde mbili.

Mzee alimwuliza kijana kama anakijua Kilimia, kile kishada cha nyota. Kijana akasema amekisikia kwenye methali tu. Mzee akamsomea yote, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, akamweleza mahali pa kukitafuta saa mbili usiku mwezi huu. Usiku ule tulikipata. Kwa macho mimi nahesabu nyota sita. Kijana anadai saba.

Machi, katikati ya mwezi

Mvua za kwanza za masika zimeingia, nazo zimetupa somo kabla ya jua. Wingu zito likipita mbele ya dishi mambo mawili yanatokea pamoja: bikoni ya setelaiti inashuka, kelele inapanda. Maji yanameza mawimbi, na kwa kuwa maji yana joto, yanavuma yenyewe. Tumeyaandika vizuri ili siku ya jua tusichanganye. Jua likipita, kelele itapanda lakini nguvu ya bikoni yenyewe haitashuka, kwa sababu jua liko nyuma ya setelaiti, halikuiziba.

Hesabu za siku na saa. Tanga iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwa hiyo tunaiona setelaiti ikiwa imeinama kidogo upande wa kaskazini, karibu nyuzi 0.9. Jua linafika hapo siku mbili baada ya kuvuka ikweta, yaani Machi 22. Kwa saa ni 7:33 mchana, maana setelaiti iko magharibi yetu na jua linaifikia kama saa nzima baada ya kupita utosini. Dishi la sentimita 90 kwa masafa haya linaona duara la nyuzi 2 na kitu, na jua ni nusu nyuzi, kwa hiyo siku tatu kabla na tatu baada bado tutaligusa pembeni.

Kwa hesabu hizi kijana hakunihitaji. Alizifanya kwa kalamu, akazihakiki kwa programu ya kufuatilia setelaiti.

Machi 22

Asubuhi mawingu, saa tano yakafunguka. Kijana alikuwa amebandika vipande vitatu vya kioo, vya upana wa sentimita moja kila kimoja, kwenye uso wa dishi: kimoja juu, viwili pembeni. Uso wa dishi umepakwa rangi isiyong'aa makusudi, ili jua likikusanywa lisiunguze LNB. Vile vioo vitatu vilikuwa vya kuona tu mwanga unaangukia wapi.

Saa 7:15 alama tatu za mwanga zilikuwa zimeachana, moja kwenye mkono wa chuma, mbili hewani zikiangukia ukutani. Mstari kwenye laptopu ulikuwa bapa. Saa 7:23 ukaanza kuinuka, taratibu kiasi kwamba nilidhani ni wingu, lakini bikoni haikushuka. Saa 7:28 alama mbili za mwanga zilikuwa zimeingia kwenye kofia ya LNB. Mstari ulipanda kwa kasi. Saa 7:33 alama zote tatu zilikuwa moja, juu ya kile kifuniko cha plastiki cha upana wa sentimita sita, na mstari ulikuwa umefika desibeli 6 na nusu juu ya anga tupu.

Nilimpa kijana hedifoni. Mtu wa Kenya alikuwa anazungumza na mtu wa Italia, na sauti zao zilikuwa zinazama ndani ya mvumo. Nguvu zao zilikuwa zilezile, kwenye skrini nundu zao zilifika urefu uleule. Kilichopanda ni bahari iliyowazunguka. Yule wa Italia aliendelea na mazungumzo bila wasiwasi, maana kwake siku ya jua kupita ni nyingine.

Saa 7:45 yote yalikuwa yamerudi chini. Desibeli 6 na nusu ni kelele mara nne na nusu ya ile ya mwanzo, kutoka kwenye kitu kilicho umbali wa kilomita milioni 150.

Jioni nilimwambia habari ya Februari 1942. Rada za Uingereza zilijaa kelele, jeshi likaamini adui ameanza kuziziba. James Stanley Hey alilinganisha taarifa za vituo, akaona kila rada ilikuwa inaelekea jua, na juani siku hizo palikuwa na kundi kubwa la madoa. Ilikuwa siri ya vita mpaka baadaye. Alichokigundua Hey kwa rada za jeshi zima, kijana wa VETA amekiona leo kwa dishi la televisheni.

Aprili hadi Julai

Masika ilikuwa nzito na dishi lilipumzika. Nimetumia muda huo kuandika sehemu iliyobaki ya jibu.

Kila asubuhi mwanaredio anayetumia mawimbi mafupi anasoma namba moja kabla ya kuwasha mtambo: nguvu ya jua kwenye urefu wa wimbi wa sentimita 10.7. Inapimwa kila siku huko Penticton, Kanada, na mfululizo wake ulianza 1947. Namba ikiwa kubwa, ionosfera, tabaka la juu la hewa linalorudisha mawimbi duniani, imeiva na mkanda wa mita 10 unafika dunia nzima kwa wati chache. Ikiwa ndogo, mkanda huo umekufa. Anajua mzunguko wa madoa ya jua ni miaka 11 hivi, anajua mlipuko wa jua ukitokea mchana wetu mawimbi mafupi yanazimika upande wa dunia unaotazama jua. Mei 2024, dhoruba kubwa ya sumaku ilipoipiga dunia, tuliizungumzia wiki nzima kwa mitambo iliyokuwa haisikii kitu. Mtu anayefuatilia nyota moja kila asubuhi kwa miaka, akaandika hali yake kwenye daftari, ni mtazama nyota. Nyota yake ni ya mchana tu.

Na wale waliofika mbali zaidi walitembea njia hiyohiyo. Martin Ryle, aliyepata Nobeli ya fizikia 1974 kwa darubini za redio, alikuwa G3CY. John Kraus, aliyebuni darubini ya redio ya Big Ear huko Ohio, alikuwa W8JK, na antena inayobeba alama hizo inajengwa na wanaredio mpaka leo. John DeWitt, aliyeongoza kikundi cha jeshi la Marekani kurusha mawimbi mwezini na kuyapokea tena Januari 10, 1946, alikuwa mwanaredio wa ridhaa na mpenzi wa nyota kabla ya vita. Mwangwi ulirudi baada ya sekunde 2 na nusu. Leo wanaredio wanazungumza kwa kupitia mwezi.

Anayenigusa zaidi ni Joseph Taylor, K1JT. Mwaka 1974 yeye na Russell Hulse walitumia dishi la Arecibo wakapata pulsa, nyota iliyokufa inayotoa mdundo wa redio, inayozungukana na nyota nyingine, wakapata Nobeli mwaka 1993. Kazi ya pulsa ni kutoa mdundo hafifu ndani ya kelele kubwa: ukijua kipindi chake unarundika mdundo juu ya mdundo mpaka uonekane. Taylor alirudi kwenye redio ya ridhaa na ujuzi huo, akaandika programu za kusoma ishara hafifu kwa kompyuta, WSJT, kisha WSPR, na mwaka 2017 yeye na Steve Franke wakatoa FT8. Kila kituo cha FT8 kinatuma kwa sekunde 12.64 ndani ya vipindi vya sekunde 15 vilivyofungwa kwenye saa ya UTC, na kompyuta inakisoma kikiwa chini ya kelele ambayo sikio halipenyi. Kila usiku maelfu ya watu wanatumia mbinu hizo, baadhi yao Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, pengine bila kujua kwamba mwandishi wake alizinoa kwa kusikiliza nyota zilizokufa.

Kijana alisoma ukurasa huu akauliza, "Kwa hiyo nyota ziliwapa redio, au redio iliwapa nyota?" Nimemwachia aandike mwenyewe.

Septemba 7

Mwezi ulipatwa wote, kuanzia saa 2:30 usiku hadi saa 3:52. Mtaa mzima ulikuwa nje, na msikitini waliswali swala ya kupatwa kwa mwezi. Sisi tulikuwa uwanjani na dishi dogo.

Mwezi ni mgumu kuliko jua. Kwa masafa haya unavuma kwa joto lake tu, na ndani ya duara linaloonwa na dishi unajaza sehemu ndogo, kwa hiyo tofauti kati ya mwezi na anga tupu ni chini ya theluthi ya desibeli. Tulikuwa tunaelekeza mwezini dakika mbili, pembeni dakika mbili, mwezini, pembeni, tukirundika wastani. Kijana alisukuma dishi, mimi nilitaja saa.

Macho yaliona mwezi ukigeuka rangi ya shaba. Dishi halikuona badiliko. Vipimo vya kabla, vya katikati na vya baada vililingana ndani ya uwezo wa kifaa. Sababu ni kwamba mawimbi ya sentimita 3 yanatoka chini ya uso wa mwezi, ndani ya vumbi linaloshika joto vizuri, na saa chache za kivuli hazifiki kule. Ngozi ya mwezi inapoa haraka, chini yake hakupoi. Tulikuwa tunatazama mwezi mmoja kwa kina viwili.

Jirani aliyekuja kuangalia alihuzunika kwamba mstari haukusogea. Kijana alimweleza kwa dakika kumi kwa nini kutosogea ndiyo habari yenyewe. Nilinyamaza nikamwacha amalize.

Septemba 20

Jua limepita tena, saa 7:19 mchana, kwa sababu majira haya jua linawahi. Desibeli 6 na kidogo. Mchoro wa Machi na wa Septemba ukiwekwa pamoja ni sura ileile. Tofauti ndogo ya kilele siwezi kuihusisha na jua peke yake, kwa kuwa dishi limekaa masika nzima kwenye upepo.

Oktoba

Yanayofuata. Kwanza, Machi 2026 tunataka vipimo kutoka miji zaidi ya mmoja. Kila nyuzi ya latitudo inasogeza siku ya jua kwa karibu nusu siku: Mombasa itatangulia Tanga kwa karibu nusu siku ya hesabu, Mtwara itafuata siku mbili na zaidi baadaye, na Lodwar, iliyo kaskazini mwa ikweta, italiona jua kabla halijavuka ikweta. Mwenye dishi lililokwisha kukaa kwenye longitudo 26 hahitaji kununua kitu zaidi ya SDR. Andika saa ya kilele kwa UTC, kipenyo cha dishi, na desibeli juu ya anga tupu, ukuzaji ukiwa umefungwa mahali pamoja.

Pili, antena ya bati yenye umbo la pembe ya mnyama, ya kupokea mawimbi ya haidrojeni ya Njia Nyeupe, MHz 1,420.4, wimbi la sentimita 21. Van de Hulst alilitabiri 1944, na Ewen na Purcell wakalipata Harvard mwaka 1951 kwa pembe iliyotokeza dirishani. Mafundi bati wa Ngamiani wametupa bei. Kijana amechora vipimo: mdomo wa sentimita 75 kwa 60, na shingo kutoka kwenye debe la mafuta.

Tatu, Agosti 2, 2027. Jua litapatwa lote Misri, na hapa Tanga litapatwa sehemu. Dishi la uwanjani litahitaji kulifuata jua kwa mkono mchana mzima. Mzee wa mtaa wa pili ameshasema zamu ya kutaja saa ni yake.